Mguu wa Tano wa Mjusi-Mshinda

Swali limetoka Nizi, kule Djugu, kaskazini mwa Bunia, upande wa machimbo ya dhahabu ya Kilo. Mwalimu wa shule ya msingi amelituma kwa niaba ya mwanafunzi wake, na amefanya jema kutolinyoosha. Ameliandika kama lilivyotoka kinywani mwa mtoto: "Madame, kale kamujusi kadogo ka ku muti ya maembe, kakisimama, juu ya nini kanabandikaka mukia ku muti?"

Kwa msomaji wa Unguja au Dodoma: mtoto anauliza kwa nini yule mjusi mdogo wa kwenye mwembe, kila anaposimama, huubandika mkia wake kwenye gamba la mti. Nimelisoma swali hili mara tatu. Miguu ya mijusi watu huiuliza kila mwaka. Mkia hajawahi kuniuliza mtu. Huyu mtoto amekaa chini ya mwembe akatazama mpaka mwisho wa mnyama.

Mwalimu ameambatanisha picha mbili za simu. Ya kwanza inaonyesha gamba la mti na kitu cha kijivu ambacho ningekipita bila kukiona. Ya pili imepigwa kutoka ndani ya darasa, mjusi akiwa upande wa nje wa kioo cha dirisha, tumbo na koo vikitutazama. Kooni ana mistari ya rangi ya giza iliyokunjwa kama herufi V, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo V ndiyo kitambulisho chake: Lygodactylus gutturalis. Neno la pili ni la Kilatini na linahusu koo. Mreno Barbosa du Bocage alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1873, kwa vielelezo vilivyotoka Bissau, na leo anajulikana kuanzia huko Afrika Magharibi mpaka Uganda na magharibi mwa Kenya. Ituri iko kwenye njia hiyohiyo. Anakula sisimizi na wadudu wengine wadogo, jike hutaga mayai mawili mawili yenye ganda gumu nyuma ya magamba yaliyobanduka, na mboni ya jicho lake ni ya duara, tofauti na ile ya paka waliyo nayo jamaa zake wengi wa usiku. Hana kope zinazofumba. Jicho likiingia vumbi hulilamba. Hayo yatoshe.

Kilichonikalisha kwanza ni jina. Pwani, mjusi wa ukutani huitwa mjusi kafiri, jina lenye hadithi yake ya kidini, lakini yule ni wa usiku, mwindaji wa kwenye taa. Wetu huanza kazi jua likipanda na kupumzika likizama. Kumwita "mjusi kafiri wa mchana" ni kumvisha kanzu iliyoshonewa mwingine. Nikajaribu "kijusi", nikaliacha palepale, maana Kiswahili sanifu kimeshampa neno hilo mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ka- ya mtoto wa Nizi ni mali: "kamujusi" linasema udogo bila kugongana na neno la mkunga. Lakini bado halisemi mchana.

Halafu nikakumbuka kwamba lugha yetu ina vitenzi viwili vya ajabu. Kukesha ni kupitisha usiku ukiwa macho. Kushinda ni kupitisha mchana. Jioni tunaulizana, "Umeshindaje?" Basi yule wa kwenye taa na awe mjusi-mkesha, na huyu wa mwembe mjusi-mshinda. Kuna atakayesema kwamba mshinda atadhaniwa ni bingwa. Bingwa ni mshindi, kwa i. Mshinda, kwa a, ni yule ambaye mchana umemkuta mahali na ukamwacha palepale, kama tunavyosema fulani ameshinda shambani. Mjusi huyu ameshinda mtini. Nitalitumia jina hilo mpaka mwisho wa makala, na mwenye bora zaidi aniletee.

Sasa mkia.

Ukimgeuza mjusi-mshinda ukatazama chini ya ncha ya mkia wake, utaona vigamba vipana vilivyopangana safu mbili kama vigae vya paa. Ni vigamba vya aina ileile iliyo chini ya vidole vyake. Kwa hiyo jibu fupi kwa mtoto wa Nizi ni hili: anaubandika mkia kwa sababu mkia wake unashika. Ni mguu wa tano. Nasa za namna hii, yaani vigamba vya kushikia, mkiani si jambo la kawaida hata kwa mijusi wanaopanda kuta, lakini Lygodactylus wamejaliwa nazo, na wako zaidi ya aina 70, karibu wote wakiwa Afrika na Madagaska. Anaposimama kichwa chini kumvizia sisimizi, miguu minne hushika na mkia hushika. Akinyoosha mwili kukivuka kijitawi, nyuma yake pana kitu kinachomzuia.

Lakini jibu fupi linafungua swali refu: unashika kwa nini? Mkia hauna kucha.

Watu walibahatisha kwa miaka mingi. Gundi? Mijusi hawa hawana tezi za gundi nyayoni. Kufyonza, kama mdomo wa ruba? Mwaka 1934 Mjerumani Wolf-Dietrich Dellit aliiondoa hewa, na mguu wa mjusi ukaendelea kushika. Kufyonza bila hewa hakuwezekani. Umeme wa msuguano, kama ule wa kitana kinachovuta vipande vya karatasi? Dellit aliipiga hewa eksirei ili chaji zipotee, na mguu bado ukashika. Ikabidi kusubiri hadubini ya elektroni. Mwaka 1965 Rodolfo Ruibal na Valerie Ernst walichapisha picha za kile kilichokuwa kimejificha kwenye vile vigamba: msitu wa nywele.

Nataka tuingie humo msituni taratibu. Chukua tokay, mjusi mkubwa wa Asia ambaye amepimwa kuliko jamaa zake wote. Kila unywele wa wayo wake una urefu wa kati ya sehemu 30 na 130 za elfu ya milimita, yaani mrefu zaidi hauzidi sana unene wa unywele wa kichwa chako. Umetengenezwa kwa keratini, jamii ya kitu kilekile cha kucha na manyoya ya kuku. Karibu na ncha unagawanyika, kisha matawi yanagawanyika tena, mpaka unapata mamia ya ncha, na kila ncha imepanuka na kuwa bapa. Upana wa bapa moja ni kama sehemu 2 za elfu kumi ya milimita. Zipange 5,000 bega kwa bega na zitajaza milimita moja. Ni nyembamba kuliko wimbi la mwanga tunaouona, ndiyo maana hadubini ya kawaida haikuweza kuzionyesha.

Vitu hivi vinastahili majina. Kwa nywele zenyewe Kiswahili hakikuhitaji kukopa popote: vile vinywele laini vya mkononi, vinavyosimama mtu akisisimkwa, tunaviita malaika. Basi mjusi anatembea juu ya malaika. Sioni neno linalofaa zaidi, na sitaki kulibadili kwa "vinyweleo", ambalo wengine hulitumia kwa vitundu vya ngozi vinavyotoa jasho.

Kwa zile bapa za nchani ilinichukua muda zaidi. Umbo lake ni la mwiko, ule wa kusongea ugali, kipini chembamba na ncha pana. Lakini mwiko ni mkubwa, na udogo wa mwiko tayari tumeuita kijiko, ambacho kina shimo la kuchotea. Hizi hazina shimo, na ubapa ndio siri yake yote. "Vijimwiko" linasikika kama jina la kijiji. Nimerudi tena kwa mtoto wa Nizi: kamwiko, tumiko. Kiswahili cha Ituri kina ka- na tu- za kudogosha, na sioni sababu ya sayansi kuzikataa. Malaika mmoja, tumiko mamia.

Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake, nchini Marekani, walifanya kitu ambacho kila nikikisoma nafurahi upya. Waliung'oa unywele mmoja wa tokay, wakaugusisha kwenye kifaa kinachohisi nguvu ndogo sana, wakapima mvuto wake. Mara ya kwanza haukushika vizuri. Ukigusishwa tu, haufanyi kazi. Ilibidi wausukume kidogo kwenye uso, kisha wauburute kidogo mno, kama sehemu 5 za elfu ya milimita, sawasawa na mjusi anavyofanya anapokanyaga. Hapo ukashika, ukabeba kiasi cha uzito wa sisimizi mmoja. Tokay ana malaika kama milioni 6 na nusu. Wote wakishika pamoja, wangebeba zaidi ya kilo 130.

Miaka miwili baadaye kundi hilo lilijaribu nyuso mbili, moja inayopenda maji na nyingine inayoyakataa. Kama kinachoshika kingekuwa utando wa unyevu, uso unaoyakataa maji ungemwangusha mjusi. Haukumwangusha. Ikabaki nguvu moja: ile inayobeba jina la Mholanzi Johannes van der Waals, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1910.

Nguvu hiyo iko kila mahali, hata kati ya kiti na suruali yako sasa hivi. Elektroni za molekuli hazitulii. Kwa kitambo kidogo mno zinaelemea upande mmoja. Upande huo unakuwa hasi kidogo, molekuli ya jirani inajibu kwa kujipanga upya, na hizo mbili zinavutana. Kisha zinasahauliana, zinavutana tena. Mvuto ni hafifu sana, na unaogopa umbali. Molekuli mbili zikitengana maradufu, nishati ya mvuto wao inapungua mara 64.

Fikiria likelemba. Akina mama wa sokoni wanakutana, kila mmoja anatoa faranga chache ambazo peke yake zisingenunua hata bidoni ya mafuta, na mmoja wao anaondoka na gunia zima. Kila molekuli ni mama mwenye faranga chache. Lakini likelemba hii ina sharti gumu: anayehesabiwa ni yule tu aliyefika mezani. Aliye hatua moja nje ya mlango hahesabiwi. Sasa chukua matofali mawili ya kuchoma, uyabebanishe. Kwa macho yamegusana. Kwa molekuli, yamegusana kwenye vinundu vichache tu, na sehemu nyingine zote kuna mabonde ya hewa. Yaani mama watatu wamefika mezani na elfu moja wamekwama ng'ambo ya mto. Ndiyo maana tofali halishikani na tofali bila udongo. Kitu kigumu hakiwezi kuwapeleka wanachama wake mezani.

Malaika wa mjusi ni njia ya kuwavusha. Badala ya kuwaita wote kwenye meza moja, mjusi anapeleka meza mpaka mlangoni kwa kila mmoja. Kila kamwiko kanajipinda peke yake kufuata bonde lake, kanalala bapa juu ya kipande kidogo cha gamba la mwembe, na ghafla molekuli zote za kipande hicho zimefika kikao. Gamba liwe na mikunjo au kioo kiwe laini, kamwiko hakajali, kwa sababu kwa ukubwa wake kila uso una uwanda wa kukatosha. Na ule mburuto mdogo wa Autumn? Ni kutoa mchango. Mwanachama aliyekuja akakaa bila kutoa pesa hajaingia kwenye likelemba.

Na kutoka je? Hapa ndipo mfano wangu unanipendeza zaidi. Kama mjusi angelazimika kuing'oa nguvu yote kwa mara moja, angekwama kwenye mwembe mpaka afe. Likelemba kubwa huwezi kuivunja kwa kushindana na wanachama wote siku moja. Lakini huvunjika kirahisi ikiwa mmoja anaondoka, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja na faranga zake chache. Malaika akiinuliwa mpaka pembe ya kama digrii 30 na uso, anaachia mwenyewe. Mjusi anakunja vidole vyake kwa juu, kuanzia nchani, kinyume na tunavyokunja sisi ngumi, na safu ya malaika inaachia mmoja baada ya mwingine kama ukanda unaobanduliwa. Wakati wowote ule anapambana na wachache tu. Anafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, akikimbia juu ya shina, bila kutumia jasho.

Hesabu hizi ni za tokay, mjusi-mshinda ana malaika wafupi zaidi, na kioo kikilowa maji mambo hubadilika. Tuendelee.

Mtu anayeishi Nizi ataniuliza kuhusu vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara hukaa juu ya kila jani. Mkanda wa gundi ukipita humo mara mbili umekufa. Mjusi haoshi miguu, na anashika leo kama jana. Mwaka 2005 Wendy Hansen na Autumn walionyesha kwamba malaika waliopakwa vumbi hujisafisha wenyewe baada ya hatua chache tu. Chembe ya vumbi imeguswa na tumiko tuchache, lakini imelalia uso wa ukuta kwa upana zaidi, kwa hiyo mguu ukiinuka chembe inabaki ukutani. Likelemba yenye watu wengi inainyang'anya mwanachama ile yenye watu wachache. Na malaika wakichakaa kabisa, mjusi anajichuna ngozi yote, nyayo pia, na chini yake wapya wako tayari. Ngozi kuukuu anaila.

Nimewaacha mkiani makusudi.

Mjusi-mshinda, kama mijusi wengi, huutoa mkia wake anapokamatwa. Kuna mistari dhaifu ndani ya mifupa ya mkia, misuli inabana, mkia unakatika na kuendelea kurukaruka chini huku mwenyewe akipanda juu ya mti. Kisha unaota mwingine. Huo mpya si nakala halisi: ndani yake hamna mifupa ya pingili bali gegedu, na rangi mara nyingi haifanani na ya awali. Ungetarajia kwamba kitu tata kama safu za malaika kingepotea. Mwaka 1982 Laurie Vitt na Royce Ballinger waliandika kuhusu Lygodactylus klugei wa Brazili, na mikia iliyoota upya ilikuwa na nasa zake, tena zinashika. Pingili za mifupa mwili haukuzirudisha, lakini malaika umewarudisha. Sijui kama kuna ushahidi mzuri zaidi wa thamani ya mguu wa tano.

Na alifikaje Brazili? Aina mbili za jamii hii ziko Amerika Kusini, ndugu zao wote wako upande huu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wazee wao waliivuka Atlantiki juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko na kusukumwa baharini. Hebu mfikirie mnyama mwepesi kuliko barua, yuko kwenye gogo linaloyumba, ameshika kwa miguu minne na mkia.

Ndugu mwingine siwezi kumwacha bila kumtaja. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, yuko Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1952. Dume lake ni la rangi ya feruzi inayong'aa, jike ni la kijani chenye shaba. Wanaishi kwenye mikadi, ndani ya vichala vya majani yake marefu yenye miiba. Rangi hiyo iliwaponza. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja la wakusanyaji linakadiriwa kuchukua kati ya mijusi 32,310 na 42,610 kwa ajili ya wafugaji wa nchi za nje, na ili kuwafikia waliikata mikadi yenyewe. Msitu mzima hauzidi sana hekta 400. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg, aliwekwa katika orodha ya kwanza, ile inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliochukuliwa porini. Naandika haya kwa uchungu. Mnyama aliyeumbwa asibanduke mtini alibanduliwa kwa kuangushwa mti.

Wa Nizi ni wa kijivu, na rangi hiyo ni heri yake.

Sasa nina ombi kwa yule mtoto, kupitia mwalimu wake. Mwembe uko palepale na mijusi wako palepale. Mchana, jua likiwa kali, amtafute mmoja mwenye mkia ulioota upya. Atautambua kwa mahali rangi inapobadilika ghafla, na mara nyingi ni mfupi. Asimkamate. Akae mbali kidogo, asubiri mjusi asimame, atazame ncha ya mkia. Je, naye anaubandika kila mara, au ameuacha unaning'inia? Na mjusi akikimbia juu ya kioo cha darasa, kazi ni rahisi zaidi: mmoja asimame ndani na simu, apige picha ya chini ya mkia kwa karibu, ahesabu safu. Akishaandika hesabu ya mijusi kumi, anitumie, kwa Kiswahili chake, kama alivyouliza mara ya kwanza.